Kuandika na kupiga tamthilia ya vita vya angani Lubumbashi: anzeni na daftari la akiba

Kikundi cha maigizo kikitaka kutengeneza tamthilia ya vita vya angani, kwa kawaida huanza na makombora. Kijana anayejua kompyuta anakesha akichora meli zinazorushiana moto, na siku ya kupiga picha waigizaji hawana la kusema zaidi ya "Adui anakuja!" Picha za namna hiyo zinataka fedha ambazo kikundi cha Katuba au Kamalondo hakina, na hata zikipatikana mtazamaji anazizoea upesi. Kinachomkalisha mbele ya skrini ni mambo mawili: akiba inayopungua, na ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuigawa. Yote mawili yanaandikwa kwa kalamu. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu: watu na akiba kwanza, kisha ngazi ya amri, mapigano baadaye, kamera mwisho.

Tamthilia ya Marekani Battlestar Galactica, ile iliyoanza upya Desemba 2003 na kumalizika 2009, ilisimama juu ya msingi huo. Mabilioni wameuawa, wamebaki watu kama 50,000 katika msafara wa meli. Rais wao ni mama aliyekuwa waziri wa elimu, wa 43 katika orodha ya kurithi madaraka. Ofisini kwake kuna ubao wenye idadi ya walio hai, na idadi hiyo inafutwa na kuandikwa upya. Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika watengenezaji wake New York kuzungumzia haki za binadamu na watoto vitani, kwa sababu maswali yake yalikuwa ya dunia hii. Msiibe hadithi yake. Chukueni ile nidhamu ya kuhesabu watu mmoja mmoja.

Daftari

Amueni idadi ya watu kabla ya kuandika neno la kwanza la mazungumzo. Kwa kikundi kidogo, watu 240 katika meli tatu wanatosha: ni wengi kiasi cha kuwa jamii, ni wachache kiasi cha kila kifo kuwa na jina. Andikeni majina yote 240 kweli kweli, pamoja na umri na kazi. Jioni moja inatosha, na kuanzia hapo mtunzi hawezi tena kusema "watu kadhaa wamekufa".

Kisha pigeni mistari ya safu: siku, walio hai, oksijeni, maji, chakula, vichujio vya hewa, mafuta, dawa, vipuri. Mtu mmoja awe mtunza daftari, na apewe mamlaka ya kukataa onyesho lisilolingana na hesabu, hata kama mwongozaji amelipenda.

Viwango hivi ndivyo wahandisi wa safari za angani wanavyotumia, kwa mtu mmoja kwa siku: oksijeni kilo 0.84, maji ya kunywa na kupikia lita 3.5 hivi, chakula kikavu kilo 0.6. Yeye mwenyewe anatoa kaboni dioksidi kilo 1. Kwa watu 240 mnapata oksijeni kilo 202 kwa siku, maji lita 840, chakula kilo 144. Lita 840 ni bidoni 42 za lita 20. Kilo 144 ni karibu mifuko sita ya unga ya kilo 25. Kabla ya mazoezi ya kwanza, pangeni bidoni 42 uani, za manjano zile za kuchotea maji, na waigizaji wazunguke kuziangalia. Mwambieni anayeigiza mkuu wa akiba azihamishe zote kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Akimaliza atajua namna ya kulitamka neno "maji".

Maji hayapotei yote, maana jasho na mkojo husafishwa na kurudi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kurudisha asilimia 98 mwaka 2023. Meli zenu ni za zamani na zimepigwa, zipeni asilimia 90. Hapo mnapoteza lita 84 kwa siku, na tangi la lita 12,000 linawafikisha siku 142. Mtambo wa kusafisha ukifa, tangi lile lile linaisha ndani ya siku 14. Komanda akikata mgawo nusu, ni siku 28, na wagonjwa na wanaonyonyesha ndio wa kwanza kuanguka. Mabadiliko hayo matatu ya tarakimu yana vipindi vitatu ndani yake, bila risasi hata moja.

Makosa ya daftari yanajirudia kila mahali. La kwanza ni meli kupigwa kipindi cha nne na kipindi cha tano kila kitu kiko sawa: vipuri vilitoka wapi? La pili ni chakula kibichi siku ya 60. Siku ya 60 watu wanakula bukari na dagaa wa kupimwa kwa kijiko, au bukari pekee. La tatu ni la kwetu hasa: mpishi anaweka mbabula ndani ya meli. Makala yanayowaka yanakula oksijeni na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo ndani ya meli hakuna moto wowote, ni reshau ya umeme tu. Na kumbukeni kwamba kinachoisha kwanza mara nyingi si chakula. Ni gasiketi ya pampu, kichujio, betri ya taa ya daktari. Tishio dogo lenye jina lake linaaminika kuliko njaa ya jumla.

Kila kipindi kibadilishe angalau safu moja ya daftari, juu au chini. Mtoto akizaliwa, safu ya walio hai inapanda, lakini ya maji inaanza kushuka haraka zaidi.

Hewa, na kwa nini waandishi huikosea

Karibu kila mtunzi anaandika "oksijeni inaisha". Katika chumba kilichofungwa, kinachoangusha watu kwanza ni kaboni dioksidi wanayoitoa wenyewe. Fanyeni hesabu na chumba cha kujiokolea cha mita 4 kwa 5, urefu mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 50. Wekeni watu kumi ndani, mlango umefungwa, vichujio havifanyi kazi.

Baada ya masaa matano kaboni dioksidi imefika asilimia 2. Kichwa kinaanza kuuma, watu wanapumua haraka bila kujua kwa nini. Baada ya masaa 12 imefika asilimia 5: jasho, moyo kwenda mbio, mtu anauliza swali lile lile mara tatu. Wakati huo oksijeni bado iko karibu asilimia 15, sawa na mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 2,700 hivi. Hiyo peke yake haimuui mtu mwenye afya. Kufikia masaa 24 kaboni dioksidi ni asilimia 10, na watu wanazimia.

Mpeni kila mwigizaji jedwali hilo la saa. Saa ya tano asugue paji la uso. Saa ya kumi na mbili sentensi zake zikatike katikati, asahau jina la mwenzake. Mtu anayefanya kazi nzito au kugombana hutoa gesi hiyo mara kadhaa kuliko aliyekaa, kwa hiyo komanda akisema "Kaeni chini, nyamazeni" anaokoa maisha, na anayebishana naye kwa sauti anatumia hewa ya mtoto aliyelala pembeni. Ugomvi una gharama inayopimika, na mtazamaji anaihisi.

Kinachoondoa gesi hiyo ni vichujio. Vya kizamani vina hidroksidi ya lithiamu: kilo moja inanasa kaboni dioksidi kilo 0.92 tu, na ikishiba inatupwa. Kwa watu 240 mnahitaji kilo 260 hivi kila siku, jambo lisilowezekana kwa safari ndefu. Kwa hiyo meli kubwa ziwe na mtambo unaojisafisha, na hivi vya kutupwa viwe akiba ya dharura, vyenye namba, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo unao mtu mmoja. Nani? Hilo linahitaji kujibiwa mapema.

Mfano wa kweli ni Apollo 13, Aprili 1970. Tangi la oksijeni lililipuka, watu watatu wakahamia katika chombo cha kutua mwezini kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili. Vichujio vyake vilikuwa vya mviringo. Vya chombo kikuu vilikuwepo vya kutosha, lakini vilikuwa vya mraba na havikuingia. Wahandisi wa Houston walibuni kiunganishi cha mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mpira wa hewa wa suti na utepe wa gundi, wakakisoma hatua kwa hatua kwenye redio. Maji walikunywa kama mililita 200 kwa mtu kwa siku. Mraba na mviringo: tafuteni kikwazo cha aina hiyo, kinachoonekana kwa macho na kushikika mkononi.

Na feni. Pasipo uzito, hewa ya moto haipandi, kwa hiyo feni ikizimika mtu aliyelala anazungukwa na pumzi yake mwenyewe. Kama meli yenu ina mvuto wa kutembea, hilo halihusiki; amueni mara moja na msilieleze. Mvuto ni rahisi kupiga picha.

Ngazi ya amri

Chukueni karatasi, andikeni jina la komanda, chini yake msaidizi wake, kisha wa tatu, hadi wa saba. Ibandikeni ukutani. Wa kwanza akifa, wa pili anachukua papo hapo bila mkutano. Wa saba ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu siku wote sita watakapokuwa wameondoka, ni mpishi mkuu au mwalimu wa shule ndiye atakayeshika redio.

Kisha gaweni madaraka. Komanda ana mwendo wa meli, mapigano, ulinzi wa milango. Baraza la raia lina mgawo wa chakula, mahakama, shule, ndoa, mazishi. Halafu chagueni jambo moja ambalo kila upande una haki nalo: kuwaingiza jeshini vijana wa miaka 16, kuchukua mafuta ya meli ya raia, kuiacha meli ya tatu nyuma. Hapo ndipo kipindi kinapoishi. Pande zote mbili ziwe na hoja nzuri; kiongozi wa raia akiwa mjinga au komanda akiwa katili tangu mwanzo, mabishano yamekufa. Mtazamaji wa Kongo hahitaji kuelezwa uzito wa swali hili. Mei 2021, hali ya kuzingirwa (état de siège) ilipoanza, magavana wa Kivu Kaskazini na Ituri waliwekwa wanajeshi, na manaibu wao polisi.

Kuna pia cheo kinachotoka nje. Katika Galactica msafara unakutana na meli kubwa zaidi, na kamanda wake ni admirali, hivyo kwa sheria yeye ndiye mkubwa. Kisha inajulikana kwamba aliwahi kuzivua meli za raia vipuri na watu wenye ufundi, akawaacha waliobaki. Cheo ni halali, matendo hayavumiliki. Mkitumia hali kama hiyo, andikeni kwanza sheria ya wahusika wenu kuhusu amri haramu. Mnao msingi nyumbani: kifungu cha 28 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Luteni anayekataa awe amekijua kifungu hicho tangu mafunzo, na alipe gharama ya kukataa hata kama ana haki.

Amri yenyewe ina umbo. Majeshi mengi hutoa amri yenye sehemu tano: hali ilivyo, kazi, namna ya kuifanya, vifaa, na nani anashika amri mawasiliano yakikatika. Anayepokea anarudia. Mkishika umbo hilo, maneno yanakuwa machache na uzito unaongezeka:

KOMANDA: Kasongo.
LUTENI KASONGO: Ndiyo, Komanda.
KOMANDA: Meli ya tatu imetobolewa nyuma. Watu 31 wako ndani, wana hewa ya masaa sita. Nenda ukawatoe. Watoto kwanza, wakubwa, halafu vichujio. Mna mitungi minne. Saa kumi kamili unafunga mlango na kurudi. Redio ikikatika, Sajini Ilunga anaamua. Rudia.
LUTENI KASONGO: Watu 31, masaa sita. Watoto, wakubwa, vichujio. Mitungi minne. Saa kumi nafunga mlango. Redio ikikatika, Sajini Ilunga.
KOMANDA: Hata kama kuna mtu nyuma ya mlango.
LUTENI KASONGO: Hata kama kuna mtu nyuma ya mlango, Komanda.

Hakuna aliyepaza sauti. Komanda anayepiga kelele kila wakati anaonyesha mtu aliyeishiwa. Mwacheni apandishe sauti mara moja katika msimu mzima. Kosa jingine ni komanda kwenda mwenyewe kila safari ya hatari. Kazi yake ni kutuma watu na kubaki na matokeo. Na raia wasimwite kama askari wanavyomwita: askari wanasema "Komanda", mama wa baraza anaweza kusema "Papa Komanda" akimheshimu na "Komanda" kavu akikasirika, naye amwite "Mama Mwenyekiti" mbele ya watu.

Pangeni zamu pia. Utaratibu wa meli za baharini unafaa: vikosi vitatu, kila kimoja masaa manne kazini na manane nje. Maana yake theluthi moja tu iko kazini wakati wowote, na adui akija mara mbili ndani ya usiku mmoja hakuna aliyelala. Mtu asiyelala siku mbili anakosea hesabu. Mpeni mtunza hewa kosa hilo.

Mapigano, kwa ufupi

Nje hakuna sauti, kwa kuwa hakuna hewa. Ndani mtu anasikia kile tu kinachogonga mwili wa meli. Meli ikizima injini haisimami, inaendelea kwenda. Joto halina pa kutokea ila kupitia mabapa ya kupozea, kwa hiyo mabapa yakivunjwa meli inapika watu wake polepole. Ujumbe hauendi haraka kuliko mwanga: kutoka Dunia hadi Mwezi sekunde 1.3, hadi Mirihi kati ya dakika 3 na 22. Amri inayofika dakika 20 baada ya hali kubadilika ni zawadi kwa mtunzi.

Mtu akitupwa nje bila suti halipuki. Ana sekunde 10 hadi 15 za fahamu. Mwaka 1966 mtu wa majaribio katika chumba kisicho na hewa huko Houston alizimia baada ya sekunde 14 hivi suti yake ilipovuja, na hewa iliporudishwa akaamka. Mtu aliyetupwa nje akishikilia pumzi mapafu yake yanapasuka, kwa hiyo askari wenu wafundishwe kutoa pumzi.

Kupiga picha Lubumbashi

Jengeni pembe moja ya chumba cha amri, kuta mbili tu, za mita 4 na mita 5. Mbao za tripleksi za mita 1.22 kwa 2.44 zinahitajika nane. Rangi iwe ya kijivu isiyong'aa. Inayong'aa inarudisha taa na kuonyesha kwamba ukuta ni mbao. Bomba la plastiki, waya za zamani na vifuniko vya mashine kutoka kwa wauza vyuma vinajaza ukuta. Kamera isigeuke kuelekea upande usio na ukuta. Mazungumzo ya pande mbili yapigwe upande mmoja, kisha badilisheni vitu ukutani na mpige wa pili.

Taa ziwe utepe wa LED wa volti 12 juu ya betri ya gari. Tepe mbili za wati 24 zinavuta ampea 4. Betri ya saa-ampea 70, mkitumia nusu yake, inawapa masaa manane. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, mwanga haubadiliki. Tena taa ya betri haipepesi kwenye kamera. Mkitumia taa za umeme wa nyumbani, ambao ni hezi 50, wekeni kamera au simu kwenye fremu 25 na kasi ya 1/50, la sivyo mistari itapita kwenye picha.

Mazungumzo rekodini wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba. Kuanzia Novemba mvua juu ya malata inafuta kila neno. Rekodini pia dakika mbili za chumba kitupu kila siku, kwa ajili ya kuunganisha sauti.

Mavazi ndiyo sehemu ya kuogopa. Msivae kabisa mavazi ya kijeshi, vyeo vya jeshi la taifa wala rangi za majani: raia aliyevaa hivyo mtaani anakamatwa, au linampata baya zaidi. Salopeti za kazi za rangi moja, buluu iliyokolea, zinafaa na zinapatikana kila soko. Alama za cheo zigongwe na mafundi wa shaba: mstari mmoja hadi minne, za kwenu wenyewe. Silaha za kuigiza ziwe chache na za umbo lisilofanana na bunduki, zisafirishwe ndani ya sanduku, zisitolewe nje ya jengo. Kabla ya siku ya kwanza mjulisheni shefu wa kartie na ofisi ya komini, mpate karatasi yenye muhuri, na nakala yake abaki nayo mtu aliye mlangoni.

Mkitaka uso wa sayari, mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba unavutia macho, lakini ni mali ya kampuni na vumbi lake lina metali. Bila ruhusa ya maandishi na barakoa kwa kila mtu, pigeni kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji, asubuhi kabla ya saa tatu, jua likiwa bado chini.

Pigeni vipindi kwa mfuatano wa hadithi, hata kama inachukua siku zaidi. Bidoni zinapungua nyuma ya waigizaji, ndevu zinaota, salopeti zinachafuka, na mtunza daftari anatoa idadi sahihi ya vitu kila asubuhi kabla kamera haijawashwa. Jioni nakilini faili zote kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti, ndipo kadi ifutwe.